Fundi Cherehani na Mashine ya Risasi

Ilikuwa baada ya Isha. Nimekaa barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, kikombe cha kahawa mkononi, simu ikalia. Mpwa wangu wa Texas. Kwake ilikuwa mchana, na alikuwa gerejini, mahali anapoweka kila kitu isipokuwa gari. Hakunipa hata nafasi ya kumjulia hali.

"Masalkheri, mjomba. Risasi zangu zinanisumbua."

Simu nilikuwa nimeiweka spika. Wazee wawili waliokuwa wakicheza bao upande wa pili wa kichochoro wakainua vichwa. Hawakusema kitu. Mmoja alikuwa katikati ya kusambaza kete, akasahau amefika shimo gani.

Nikainuka, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Ni wiki kadhaa sasa na mazungumzo yale hayajanitoka. Wale wazee nadhani walisahau kabla ya usiku kuisha. Mimi ndiye nimebaki nayo, nikikaza skrubu za watu huku nikiwaza mashine ya mtu aliye upande mwingine wa dunia. Ndiyo maana naandika.

Niliijua bila kuijua

Kijana huyu alikulia kwenye karakana yangu. Mimi ni fundi wa vyerehani: Singer za mkono walizorithi watu kwa bibi zao, Butterfly za miguu zilizoliwa na chumvi ya bahari, na siku hizi hizi za umeme ambazo zikifa zimekufa. Yeye alikuwa akizungusha gurudumu huku mimi nikitazama sindano inavyoshuka. Kisha akaenda Marekani, akapata kazi, akapata uraia, akaoa, akazoea mchezo wa kulenga shabaha. Risasi za dukani ni ghali, akaona wenzake wanajishindilia wenyewe. Sheria ya huko haimkatazi mtu kushindilia nyumbani risasi za matumizi yake. Leseni inadaiwa akitaka kufanya biashara.

Kwa asiyejua, risasi ya bastola ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Ukifyatua, baruti inaungua, kichwa kinakwenda, na ganda linabaki na fataki iliyokufa. Unaliokota, unalisafisha, unalibana lirudi saizi yake, unalitoa fataki iliyokufa na kulitia mpya, unalipanua mdomo kidogo, unalimiminia baruti, unakalisha kichwa, unabana mdomo. Mashine yake inafanya yote hayo kwa wenzo mmoja. Kuna sahani ya duara inayobeba maganda; kila ukivuta wenzo inageuka hatua moja, na kwenye kila kituo kuna kalibu au kifaa chenye kazi yake. Ukishapata mwendo, kila mvuto mmoja unadondosha risasi moja kwenye kisanduku.

Sijawahi kushika bastola maishani mwangu. Lakini alipoizungusha ile mashine mbele ya kamera nilicheka peke yangu. Kitu kinachopanda, kitu kinachoshuka, kitu kinachosogeza kazi hatua moja, na vyote lazima vifike kwa wakati mmoja. Hiyo naijua.

Mikono chini kwanza

Malalamiko yake yalikuja kwa mafungu. Fataki nyingine hazizami; ukipitisha kidole kwenye kitako cha ganda unazihisi zimechomoza. Sahani mara inakwama, mara inaruka. Vichwa vingine vinacheza mdomoni.

Halafu, baada ya kuzungukazunguka sana, akaleta lililomfanya apige simu. Jumamosi iliyopita uwanjani, risasi moja haikulia pah. Ililia puf.

Aliacha hapohapo. Msimamizi wa uwanja akamsaidia kuifungua bastola, wakakuta kichwa kimekwama katikati ya mtutu.

Hapo nilivuta kiti nikakaa vizuri.

Watu wa mchezo ule hakuna wanachokiogopa kama hicho. Risasi ikikosa baruti, ile fataki peke yake ina nguvu ya kukiingiza kichwa mtutuni lakini haina nguvu ya kukitoa. Mtu aliyenogewa anavuta tena bila kufikiri. Kichwa cha pili kinakikuta cha kwanza njiani, na mtutu unavimba au unapasuka, umbali wa mkono mmoja kutoka usoni.

Nikamuuliza, "Tangu siku hiyo umegusa nini kwenye mashine?"

Akaanza kutaja. Ameshusha kalibu ya kwanza. Ameipandisha tena. Amebadilisha springi ya fataki. Amegeuza skrubu ya kipimio cha baruti, kidogo tu, anasema. Amekaza kalibu ya kubana mdomo. Ameirudia mara nyingine kuikaza.

Wateja wangu wote ni hivyo. Cherehani imeanza kuruka mshono. Kabla hajaileta kwangu, mwenyewe ameshazungusha kila kinachozunguka. Alikuja na sindano iliyopinda, sasa ana sindano iliyopinda, uzi uliokazwa kama wa gitaa, mguu uliobonyea na meno yaliyopanda juu. Nusu ya kazi yangu ni kuirudisha mashine ilivyokuwa kabla mwenyewe hajaanza kuisaidia. Na mtu huyo huwa si mjinga. Ana haraka tu, na skrubu iko mbele yake.

Nikamwambia atoe baruti yote, airudishe kwenye chupa yake yenye jina lake. Atoe fataki zote. Kila kalibu airudishe kwenye kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, asitumie kumbukumbu. Kisha aweke ganda moja tupu, moja tu, avute wenzo polepole sana, na mimi nitazame.

"Polepole kiasi gani?"

"Mpaka uone aibu."

Punje nyeusi

Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nikamwomba asogeze simu pembeni, usawa wa sahani. Akavuta. Ganda likasogea vizuri, likasogea, na pale mwisho wa hatua sahani ikafanya tak. Si kubwa. Ganda likatikisika kwenye kiti chake, likatulia.

"Rudia."

Tak.

"Sasa shuka chini. Hapo chini ya sahani, upande wa kulia. Hizo nyeusi ni nini?"

Akainama na simu. Picha ikatia ukungu, ikajisafisha. Zilikuwa punje ndogo bapa, zimejipanga kwenye mfereji wa chuma na kuzunguka kile kikombe kinachoisukuma fataki juu. Moja ilikuwa imebandika ukingoni kabisa pa kikombe.

"Ah, hizo ni baruti, mjomba. Huwa zinamwagika kidogo."

"Zinatoka wapi?"

Hakujibu. Namjua, ndivyo alivyokuwa akinyamaza tangu mdogo anapokuwa tayari amepata jibu na hajalipenda.

Tukaitoa sahani. Bolti ya katikati inayoishikilia ina kiskrubu kidogo cha ubavuni cha kuizuia isijizungushe, na hicho kiskrubu kilikuwa kimelegea, siku nyingi labda. Bolti ikajirudisha nyuma kidogokidogo. Nafasi iliyopatikana haikufika hata nusu milimita. Lakini angalia ilichofanya.

Sahani iliyolegea inainuka upande mmoja pale fataki inaposukumwa kutoka chini. Nguvu ya mkono inaishia kuinua sahani, fataki haizami. Sahani hiyohiyo inafika mwisho wa hatua kwa kuruka, na ganda lililokwisha kumiminiwa linatikisika, punje zinaruka nje. Punje zinaingia chini ya sahani, sahani inaanza kukwama. Zinaingia kwenye kikombe cha fataki, fataki zinakaa upande. Naye akiona pazito anavuta kwa nguvu zaidi, na kwa kuvuta kwa nguvu mruko unakuwa mkubwa, na punje zinamwagika zaidi.

Malalamiko mawili, bolti moja.

Lakini punje chache kumwagika hakulifanyi ganda kuwa tupu. Hilo ndilo lililonikera, na nisingelala nalo. Nikamuuliza, inapokwama unafanyaje? Akanionyesha kwa furaha kabisa: anarudisha wenzo nusu, anaisogeza sahani kwa kidole, anatoa ganda lililoleta shida, anaweka jingine mahali pake, anaendelea.

Basi. Ganda lililotakiwa kusimama chini ya baruti lilisogezwa kwa kidole likapita. Au lilisimama mara mbili.

Siku hizi, ikikwama, anaondoa kila ganda lililo kwenye sahani. Yote, hata yale yaliyo sawa. Baruti inarudi kwenye chupa, anaanza mzunguko mpya. Na ameweka taa ndogo inayomulika moja kwa moja ndani ya ganda kabla ya kituo cha kichwa, ili macho yake yaione baruti kwenye kila ganda. Taa ile ilikuwa wazo lake. Mimi nilisisitiza tu asisogeze sahani kwa kidole.

Kuikaza ile bolti nako kuna ufundi wake. Ukiikaza mpaka mwisho sahani haigeuki kabisa. Unakaza mpaka ishike, unalegeza kidogo sana, unajaribu kuinua sahani kwa kucha pande zote. Ikigeuka bila kuinuka, unafunga kiskrubu cha ubavuni. Kabla ya hapo brashi kavu, kila mfereji. Grisi pale kitabu kinapotaja na si mahali pengine, maana mafuta yakifika kwenye fataki au baruti yanaweza kuiua.

Kukaza kunakolegeza

Vile vichwa vinavyocheza vilikuwa habari nyingine, na hapa yeye ndiye aliyenifundisha, akinisomea kitabu chake sentensi kwa sentensi.

Yeye aliona kichwa kinalegea, akakaza kalibu ya kubana mdomo. Kikazidi kulegea, akazidi kukaza. Ungemwuliza mtu yeyote barabarani angekwambia hivyohivyo. Kumbe ganda ni shaba, na shaba ina springi: ukiibana inajirudisha kidogo. Ndani ya kichwa kuna risasi ile laini ya chubwi za wavuvi, nayo haina springi, ukiibonyeza imebonyea. Kalibu inabana vyote viwili, kisha shaba inarudi nyuma na risasi inabaki kule. Katikati imezaliwa nafasi.

Nilimwomba anisomee tena.

Kinachokishika kichwa kwenye risasi anazotumia yeye, za 9 mm, ni ganda lililorudishwa saizi sawasawa. Ule mbano wa mwisho kazi yake ni kufuta upana uliofunguliwa ili kichwa kiingie, basi. Tena ganda la 9 mm linasimama ndani ya mtutu kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo ukiukunja ule ukingo umeliondolea pa kusimama.

Na kichwa kulegea si jambo la sura. Bastola inapojilisha, kichwa kinagonga njia ya chuma kinapopanda kwenda mtutuni. Kikiwa kimelegea kinarudi ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na mgandamizo unapanda kwa ghafla. Kipimo cha juu cha Wamarekani kwa risasi hiyo ni pauni 35,000 kwa inchi moja ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa thelathini na kitu.

Kujaribu ni rahisi. Unapima urefu wa risasi kwa kalipa, unakisukumiza kichwa kwa nguvu kwenye ukingo wa meza, unapima tena. Urefu ukibadilika, hiyo haiendi popote. Jaribio la pili ni kuutoa mtutu kwenye bastola na kuidondosha risasi ndani yake. Inatakiwa iingie kwa uzito wake yenyewe, ilie wazi, izunguke ukiigusa, na itoke ukiugeuza mtutu. Aliniwekea simu karibu nisikie. Ile nzuri ililia kama sarafu. Ile iliyovimba mdomoni haikulia kitu.

Kuna la pembeni nisiloweza kuliacha. Katikati ya hayo yote pini yake ya kusukumia fataki nje ilivunjika, akalaani chuma cha siku hizi. Nikamwambia amulike ndani ya ganda lile. Lilikuwa na matundu mawili madogo kitakoni badala ya moja la katikati. Mwaka 1866 watu wawili walikuja na namna mbili za fataki: Edward Boxer, Mwingereza, tundu moja, Hiram Berdan, Mmarekani, matundu mawili. Mpaka leo Wamarekani wanatumia ya Mwingereza, na ya Mmarekani imekuwa maarufu zaidi Ulaya na kwenye majeshi ya nchi nyingi. Pini inayoshuka katikati haina pa kupita kwenye ganda la Berdan. Chuma cha watu hakikuwa na kosa. Alikuwa ameokota ganda geni uwanjani.

Zilizokwisha fungwa

Mashine ikapona. Tukajaribu kwa maganda tupu, kisha kwa fataki peke yake, kisha kwa baruti akipima kila ganda kwenye mizani, na zikaja sawa moja baada ya nyingine. Alifurahi. Akainua kasha la plastiki chini ya meza, akalitikisa mbele ya kamera.

"Na hizi je? Naziendea Jumamosi?"

Zilikuwa mia kadhaa. Zote zilitoka kwenye mashine ile kabla hatujaigusa.

Katika kazi yangu, mshono mbovu unauona. Unaugeuza upande wa pili, uzi umejikunja, unaufumua, unashona upya. Ukiuacha, nguo itafumuka sokoni na mteja atakuja kunitukana. Nimezoea kasoro zinazojionyesha. Zile risasi zilikuwa zinang'aa. Fataki zilizochomoza angeweza kuzitenga kwa kidole (wala asithubutu kuzisukumia ndani upya, risasi ikiwa imeshajaa), urefu angeupima kwa kalipa. Lakini baruti ilikuwa imefungiwa ndani ya shaba, na hakuna jicho linalofika huko.

Akaja na wazo la mizani: azipime zote, ile nyepesi aitenge. Wazo zuri, nikalipenda. Nikamwomba kwanza apime maganda matupu kutoka viwanda tofauti, jinsi yalivyochanganyika kwenye ndoo yake. Akaanza kusoma namba, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopoa. Baruti ya risasi moja ya 9 mm haifiki nusu gramu. Kichwa peke yake ni gramu saba au nane, na ganda karibu gramu nne. Ganda zito na ganda jepesi zilikuwa zinatofautiana kiasi cha kuificha baruti yote. Risasi tupu yenye ganda zito ingepita mizanini na kusalimia.

Upande wa pili nako si salama. Baruti nyingine za bastola hujaza sehemu ndogo tu ya ganda; ukimimina mara mbili inaingia bila kumwagika, na kichwa kinakaa juu yake vizuri.

"Zivunje zote," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote."

Akanieleza gharama ya fataki. Akanieleza alivyokosa usingizi, mtoto akilala ndipo yeye anashuka gerejini. Akaniambia uwanjani amepiga nyingi za kasha lilelile na iliyoharibika ni moja. Yote kweli. Kisha akasema, na sikumlaumu, kwamba ni rahisi kwangu kusema zivunje nikiwa nimekaa Lamu.

Tukaagana kwa adabu. Siku nyingi hakupiga.

Katika siku zile nilijiuliza mengi. Mimi ni nani kumwambia mtu mwenye kitabu, mizani na uzoefu wa uwanjani? Nimeona mashine yake kupitia kioo cha simu. Huenda woga wangu ulikuwa woga wa neno lenyewe, risasi, wala si hesabu. Nikajaribu kujiwekea hesabu: ingekuwa pesa yangu, ningevunja? Sina jibu la heshima. Kuna nguo nimewahi kuzipeleka kwa wateja nikijua mshono mmoja una mashaka.

Alipiga mwenyewe. Alikuwa na ile nyundo ya plastiki yenye tundu: unaiweka risasi ndani kichwa kikiangalia chini, unagonga juu ya gogo, kichwa na baruti vinadondoka ndani ya nyundo. Alikuwa akizivunja usiku, chache chache, na sasa amemaliza. Chache zilikuwa na baruti pungufu. Yenye baruti ya kuzidi hakuna.

"Na tupu hakuna hata moja, mjomba. Unaona?"

Niliona. Tupu ilikuwa ile ya Jumamosi.

Sikumwambia hivyo. Alikuwa amechoka na alikuwa na haki ya kuchoka.

Neno lenyewe

Anayesoma haya akiwa Lamu anajua kwa nini nilifunga mlango. Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mzaha: kukutwa na risasi moja mfukoni bila cheti ni kesi, sembuse kuitengeneza. Na zaidi ya sheria kuna tuliyoyaona. Juni 2014, wenye bunduki wakavamia Mpeketoni, wakaua watu. Baadaye amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku, watu wa Kizingitini na Faza wakatazama msimu ukipita. Kijana ambaye ametoka hapa kabla ya hayo anaweza kulitamka neno hilo kwa sauti. Sisi tuliobaki tunatazama kwanza nani yuko barazani.

Kwa hiyo nilimuuliza, mara moja, waziwazi: unalenga nini?

"Karatasi. Na sahani za chuma, zinalia vizuri."

Namwamini. Lakini nilipoweka simu chini nilikuta nimeshiriki kitu ambacho sijui nikiite nini. Nimezoea kusema fundi hana dhambi na nguo aliyoishona. Nikishakupa suruali, unakokwenda nayo ni shauri lako. Nikajaribu kuliweka hilo kwenye bolti ya mpwa wangu, likakataa kukaa. Kwa upande mwingine, ningenyamaza, angeendelea kusogeza sahani kwa kidole. Asingeacha mchezo kwa sababu mjomba wake ana wasiwasi. Angeendelea, na vibaya.

Basi nikajiwekea mpaka wangu, na nimemwambia. Mashine nitaitazama. Kiasi cha baruti sitakitaja kamwe, hata akinisomea. Hicho ni cha kitabu chake na kisitoke kinywani mwa mtu. Na kabla ya mazungumzo yoyote ataniambia kabati lina kufuli na ufunguo uko wapi. Ana mtoto anayetambaa. Fataki zilizokufa zinaacha vumbi la ile risasi ya chubwi, hasa kwenye ndoo anayoyatikisia maganda yasafike, na vumbi hilo mtoto analila kutoka kwenye mikono ya baba yake. Anaosha mikono kwa sabuni, anabadilisha shati, ndipo apande juu. Mke wake ndiye aliyenithibitishia hilo, na nikamshukuru.

Mamake

Dada yangu anaishi Mkomani, hatua chache kutoka kwangu. Hupita jioni, na mara mbili tatu amenikuta ndani na simu, mlango umefungwa, nikisema "legeza, legeza, hapo basi."

"Mnazungumza nini na mwanangu saa nzima? Mimi hunipigia dakika tano."

"Mashine," nikamwambia.

"Ana cherehani huko?"

Nikasema ana mashine yake gerejini, ilikuwa inaruka, tumeitengeneza. Akafurahi. Akasema afadhali hajasahau kazi ya mikono. Akaenda kumsimulia jirani kwamba kijana amekuwa fundi Marekani.

Hakuna neno la uongo pale, na kila nikimwona ananishukuru.

Juzi kijana akapiga tena. Anataka kuanza kushindilia .45, risasi nene zaidi, kalibu mpya zimefika, sahani ya maganda ni nyingine, fataki ni kubwa zaidi, isipokuwa baadhi ya maganda yanayotumia fataki ndogo, na akiyachanganya mashine itakwama vibaya. Anataka nimtazame akifunga kila kitu kutoka mwanzo, polepole, ganda moja moja.

Nikamwambia nitamtazama, lakini kwanza ampigie mamake, amweleze mashine ile inatengeneza nini.

"Mjomba, hataelewa."

"Ataelewa. Atakasirika, lakini ataelewa."

Akasema atafikiria. Kalibu bado ziko kwenye boksi.